Kamba ya Kabatalya

Chini ya genge la Kibiro ardhi hutoka jasho.
Maji huchemka pasipo kuni wala mafiga,
na udongo, ukiulamba, unakujibu.
Wanaume walikuwa na ng'ombe, mikuki, ngoma,
na viti vya barazani vya miguu mitatu.
Udongo huu ulikuwa wa wanawake:
mama humwachia binti, binti humwachia binti,
na mpaka ni mstari wa mawe
ambao hata mume wa ndoa hauvuki akiwa na jembe.

Kabatalya Adyeri alikuwa na mashamba saba ya chumvi.
Asubuhi alitandaza mchanga, jua likanywa maji,
jioni akakwangua weupe uliobaki,
akauchuja kwenye chungu chenye matundu,
akauchemsha hadi moshi ukamtia wekundu machoni,
watu wakasema: huyu halali.
Kweli hakulala. Alikuwa anahesabu.
Kuandika hakujua; alikuwa na kamba ya gome,
na kila mdaiwa fundo lake.
Fundo dogo, kikapu cha ulezi.
Fundo la kuzungushwa mara mbili, mbuzi.
Na lile nene, karibu na ncha,
alilolipapasa gizani kama mtu apapasaye jino bovu,
lilikuwa la Kasigwa, mkuu wa saza:
fahali wawili, na simbi za kumtolea mahari mke wa nne.

Barazani hakuketi. Mwanamke angeketi wapi?
Habari za huko zilimfikia zimeshapoa,
kama chakula cha wageni kilichorudishwa jikoni.
Ndivyo alivyosikia kwamba mjane Nyakaisiki
amegawiwa shemeji yake,
na shamba lake la chumvi limegawiwa pamoja naye,
kama ngozi iendavyo na kwato.

Hakupiga kelele.
Aliwaambia wenziwe kumi na mmoja: zimeni.

Mwezi ukaandama, ukakua, ukafa.
Huko juu nyama ya mbuzi ikawa nyama tu.
Maharage yakawa adhabu.
Ng'ombe wakalamba kuta za nyumba,
na waheshimiwa wakatazamana juu ya bakuli,
kila mmoja akingoja mwenziwe aseme.

Siku ya thelathini na tatu mjumbe aliteremka genge,
miguu ikimtetemeka kwa mteremko, au kwa alichotumwa.
Kabatalya alimpokea ipasavyo:
macho chini, viganja pamoja,
akamwamkia kwa jina lake la mapenzi, Araali.
Yeye alipiga magoti; bei ilisimama.
Jana kikapu cha chumvi kilikuwa mbuzi mmoja.
Leo ni mbuzi, na neno la mkuu wa saza.
"Neno gani?"
"Analijua. Mwambie pia kamba yangu inamsalimu."

Wiki haikuisha, Nyakaisiki akarudi kwenye mawe yake.

Hadithi husimuliwa hivyo, na huishia hapo,
wanawake wakipiga vigelegele
na wajukuu wa Kabatalya wakitikisa vichwa polepole,
kama watu wanaolipwa.

Mimi si mjukuu wake.
Bibi yangu, Nyamahunge, alikuwa mteremsha kuni.
Mzigo mmoja, nusu siku, shingo ikizama mabegani,
ujira konzi ya chumvi.
Siku zile thelathini na tatu, meko yamezimwa,
nani alihitaji kuni?
Hakuna aliyemuuliza. Alikopa ulezi
kwa mwenye ulezi.
Mwenye ulezi alikuwa Kabatalya.

Kamba iko kwetu sasa; usiniulize ilifikaje.
Mama huiweka ndani ya kopo la majani ya chai,
na mvua ikikaribia huvuta unyevu, huwa nzito.
Karibu na ncha pamelegea, pamekunjamana:
hapo palikuwa na fundo la Kasigwa.
Kabatalya alilifungua mwenyewe, mbele ya mashahidi,
siku waliyopatana.

Katikati kuna fundo dogo, la kikapu cha ulezi.
Nimelijaribu kwa kucha, nimelijaribu kwa meno.
Lina ladha ya chumvi.
Halifunguki.